Mpika Uji Mweusi

Laiti chaki ile ningeikataa. Ningesema palepale mlangoni kwamba mimi si mtu wa kuachiwa chaki, kwamba nina tabia ya kumridhisha yeyote anayesimama mbele yangu, hasa akiwa amekuja na gari. Tabia hiyo nilikuwa naijua siku nyingi, sikuhitaji kuambiwa na mtu. Lakini nilinyoosha mkono nikaipokea, nikaitia kwenye mfuko wa shati kama mtu aliyepandishwa cheo, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimechora alama ambayo haikuwa yangu kuchora.

Aliyeniachia tulimwita Mpika Uji. Jina lake alilopewa na wazazi ninalijua, ila sitaliandika, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kuliandika. Kwenye daftari la mahudhurio, sisi wengine tulipotia sahihi zetu za madoido, yeye alichora mwiko: mviringo mdogo na mpini wake. Tajiri, yaani kijana mwenye karakana, alimbembeleza mwezi mzima aandike jina kama watu. Mwisho alichoka, akaacha. Alikotoka pia hatukupajua vizuri. Baridi ya Julai ikija alikuwa mtu wa Njombe aliyezoea baridi, na joto la Januari likija alikuwa mtu wa Tanga aliyezoea joto. Mtu akimwambia kwamba hayo mawili hayaendi pamoja, alijibu kwamba alipanda mabasi mengi.

Karakana yetu ilikuwa Chamazi, nyuma ya maduka ya mabati na saruji, mwendo mfupi kutoka uwanja wa mpira. Tulitengeneza betri ndogo za kuchaji kwa ajili ya taa. Kwa asiyejua, betri ya namna hiyo ukiifungua huoni maajabu. Utakuta karatasi nyembamba za madini, moja ya shaba na nyingine ya alumini, na kila moja imepakwa unga mweusi. Karatasi iliyopakwa ndiyo tuliyoiita bamba. Unga huo haujishiki wenyewe. Unahitaji gundi ya kuushikamanisha na karatasi, na ugomvi wote wa miaka niliyokaa pale ulikuwa juu ya gundi.

Gundi tuliyoanza nayo ilikuwa ya jamii ya plastiki. Haikubali maji kabisa. Ili ilainike ilitaka dawa iliyokuja kwenye mapipa kutoka ng'ambo, yenye harufu ya samaki aliyesahauliwa tangu Ijumaa. Kwenye pipa palibandikwa picha ya hatari, na wanawake waliotarajia kuzaa walikatazwa kuingia chumba cha kuchanganyia. Sisi wazee tuliruhusiwa, nadhani kwa hesabu kwamba tulikwisha kuzaa. Tulirudi nyumbani na vichwa vinagonga, tukasingizia jua.

Siku Mpika Uji alipokuja kuomba kazi, alisimama katikati ya chumba kile, akapiga chafya tatu, kisha akamuuliza Tajiri kama pale Chamazi bomba linatoa maji. Tajiri akasema linatoa, siku nyingine. Mzee akamwambia, "Basi gundi unayo, ila hujaijua."

Alikuwa ametunza maabara za shule za sekondari mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akawa anapika sabuni za miche uani kwake Manzese. Wapika sabuni wa Manzese wanaijua vizuri kioo-maji, ile dawa nzito kama asali inayofanya mche uwe mgumu. Wao huinunua kwenye madumu. Yeye alijipikia mwenyewe: alichoma pumba za mpunga mpaka zikawa jivu jeupe, akalichemsha jivu pamoja na kostiki, yale magadi makali ya sabuni, akachuja kwa kipande cha shuka. Alisema ni kioo ambacho hakijaamua kuwa kioo. Ukikipaka na kukikausha taratibu kinashika unga kwa nguvu, hakiogopi moto, hakinuki, na chombo chake unakiosha bombani. Kile alichokuwa akikitia kwenye sabuni miaka yote, akaona kinaweza kukaa ndani ya betri.

Tajiri hakuwa mjinga. Alijaribu kidogokidogo, akaona inafanya kazi, na akaweka sharti moja. Kiangazi, alisema, kila gundi ni hodari. Kama mabamba ya maji yatapita masika moja bila aibu, mapipa yataondoka pale moja kwa moja. Yakishindwa, mapipa yanabaki na mzee anarudi kwenye sabuni zake. Mpika Uji alikubali papo hapo, akaongeza kwamba masika hayajawahi kumshinda, kwani hata nyumba yake ya Manzese hujaa maji kila mwaka na bado anaishi humo.

Jina la Mpika Uji lilitokana na kazi yenyewe. Unga mweusi, masizi kidogo, kioo-maji na maji ya bomba, vyote huchanganywa mpaka viwe uji mzito wa kumiminika, ndipo upakwe kwenye karatasi. Mashine ya kukorogea tulikuwa nayo. Yeye aliisifu sana, akaifunika kwa turubai isiingie vumbi, akakoroga kwa mwiko. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na alikoroga kinyume cha watu wote, kiasi kwamba mtu mwingine akipokea mwiko uji ulirukia shati. Mashati yangu mawili yaliharibika hivyo. Alisema ni ada ya shule.

Mimi aliniita Fom Foo. Kosa lilikuwa langu. Siku ya kwanza, katika kujitambulisha, nilitaja kwamba nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo mtu wa umri wangu hana sababu ya kulitaja. Akaniuliza kemia nilipata nini. Nikasema mada zilikuwa nyingi mwaka ule. Akatikisa kichwa kwa huruma, na kuanzia hapo nikawa Fom Foo. Nilikuwa msimamizi wa karakana, yeye alikuwa chini yangu kwa karatasi, lakini alinizidi miaka minane na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Alijibu, "Marahaba, Fom Foo, kemia imekuja?" Karibu mwaka mzima, kila asubuhi. Haikuwahi kuja.

Nakumbuka siku niliyojifanya najua. Alikuwa amechelewa, nami nikaona nipake kioo-maji kwenye karatasi ya alumini, nimsaidie. Sikujua kwamba kioo-maji kina ukali wa kostiki ndani yake, na kwamba shaba inauvumilia lakini alumini haiuwezi. Karatasi nzima ikaanza kutoa mapovu. Alipoingia hakunigombeza. Alitoka nje akawaita watu wote, mpaka mlinzi, waje waone Fom Foo anafua. Walipokwisha kucheka na kuondoka, ndipo akafunga mlango na kunieleza polepole kwa nini upande wa alumini anautengenezea gundi yake nyingine, ya chumvi ya fosfati, nayo ya maji vilevile. Alinieleza mara mbili. Mbele za watu alinichekesha, faraghani alinifundisha. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba hicho cha pili ndicho alichokuwa anakitaka.

Alikuwa na kinyume chake katika kila jambo. Mtu aliyekula mkate kwa betri hakuwa na simu. Tulimwuliza, akasema simu ni betri iliyofungiwa na umbea. Nyumbani kwake, nilipokwenda kumtazama siku moja akiwa na homa, nilikuta koroboi mezani. Taa tatu za karakana yetu alikuwa nazo, ndani ya maboksi, hazijafunguliwa. Nilipomnyooshea kidole akasema mpishi hali chakula cha mgahawani kwake. Alihubiri maji asubuhi hadi jioni, maji yasiyonuka, maji yasiyoua, maji ya bure, lakini kunywa hakuyanywa. Alikunywa kahawa chungu na soda ya tangawizi, na daktari alipomshauri anywe glasi nane kwa siku alisema daktari yule ana ukoo na watu wa mamlaka ya maji.

Na subira yake ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa ilikuwa ya mahali pamoja tu. Kituo cha mwendokasi Manzese aligombana na foleni, na mashine ya tiketi, na watu waliosimama upande usiofaa. Alifika Chamazi akiwa amekwisha kukosana na nusu ya jiji. Akiingia karakana, akiketi mbele ya kabati la joto tulikokaushia mabamba, aliweza kukaa saa nne hajakohoa.

Alikuwa akingoja ukungu. Hii ndiyo kazi yake ambayo hakumwachia mtu. Gundi ya maji inakubali maji kwa urahisi na inayaachia kwa shida. Bamba linaweza kuonekana kavu kama mkaa, kumbe ndani bado lina maji, na maji yakifungiwa ndani ya betri ya namna yetu yanageuka hewa na betri inavimba. Kwa hiyo alikata kipande cha bamba lililotoka kwenye kabati, akakitia katika chupa tupu ya jamu, akafunga kifuniko, akaiweka chupa juu ya bati la moto. Kioo kikiingia ukungu kwa ndani, hata kidogo kama pumzi ya mtoto, alisema, "Bado linapumua," akairudisha trei nzima ndani. Chupa ikibaki safi mara tatu, alichukua chaki na kuchora mwiko wake kwenye kibao kidogo kilichoning'inia kwenye trei. Trei isiyo na mwiko haikwenda chumba cha kufungia betri, awe ameagiza nani. Na vibao havikufutwa. Vilitundikwa ukutani mpaka betri za trei hiyo zikae kwa wateja na habari zake zirudi.

Mwiko wake, kwa sababu ya ule mkono wa kushoto, mpini uliangukia kushoto daima.

Nje ya lango letu kulikuwa na mama aliyeuza chapati na uji wa ulezi, na vita yake na Mpika Uji ilikuwa burudani yetu. Mama alimwambia kwamba mtu mzima hawezi kuitwa mpika uji kwa uji usionyweka. Yeye akamjibu kwamba uji wake unawasha taa, wa mama unawasha kiungulia. Siku moja mama akaingia mpaka ndani na kanga yake, akatazama chungu, akaona madonge, akamwambia mbele yetu sote kwamba anamwaga unga kwenye maji kwa pupa kama bachela. Aanze na maji kidogo, akande kwanza, ndipo aongeze. Mzee alikasirika. Alisema amefundisha walimu wa kemia. Juma zima hakumnunulia hata chapati. Juma la pili nikamkuta peke yake chumbani, anakanda unga mweusi kwa maji kidogo, kama alivyoambiwa. Madonge yakaisha. Hakumwambia kamwe, lakini taa ya kwanza iliyotoka kwenye uji ule alimpelekea yeye, akadai ni mbovu na anaitupa.

Siku za mechi alikuwa hashikiki. Magari ya mashabiki yaliamsha vumbi la barabara nzima, na vumbi likiingia kwenye uji bamba linapata chunjua. Basi alitoka na ndoo na kopo, akamwagia maji barabara mbele ya karakana, mzee mzima na kofia yake ya sufu, mashabiki wanampungia bendera wakidhani ni wa timu yao. Aliwapungia kopo. Nilimwambia ameshangilia timu zote mbili siku moja. Akasema yeye anashangilia mvua.

Mvua zikaja. Aprili ile hewa yenyewe ilikuwa inakamulika. Mabamba yaliyokauka kwa saa nne kiangazi yalitaka nane, mengine siku nzima, na Tajiri akawa anatembea mlangoni anatazama saa. Mzee hakutikisika. Trei baada ya trei zilipita, polepole, kila moja na mwiko wake. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema masika yakipita salama atanikalisha chini anifundishe kupika, kuanzia pumba mpaka chaki. "Utaandika wewe," akasema. "Mwandiko wangu hata mie mwenyewe siusomi. Na mie sikai milele hapa."

Alikuwa hajaandika chochote, kipimo chochote. Vyote vilikuwa kwenye kiganja chake cha kushoto. Jioni ileile nilipita dukani nikanunua kaunta buku, ile nene, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa KUPIKA. Nilikuwa na miaka sitini na saba. Sikumbuki mara nyingine katika utu uzima wangu ambapo nilinunua daftari kwa furaha.

Wiki mbili kabla ya mvua kukatika, jirani yake wa Manzese akafariki. Msiba wa jirani hauulizwi. Alikuja asubuhi mapema akiwa na kanzu ya kuazima, akatazama trei sita zilizokuwa kwenye kabati, akanikabidhi chaki mlangoni. Maneno yake yalikuwa machache. "Chupa ikiwa na ukungu, chaki ikae mfukoni. Hata aje nani, Fom Foo." Nikasema usijali, mzee wangu. Akanitazama kidogo, akaenda kuzika.

Aliyekuja ni Tajiri, na nyuma yake gari la mteja aliyekuwa akipeleka taa kwenye zahanati za vijijini. Gari lilitakiwa kuondoka siku ile. Tajiri hakunifokea, nikubali hilo. Aliniamkia shikamoo kwanza, akaniita mzee wangu, akasema yeye haelewi mambo ya ukungu, ila anajua mteja akiondoka mikono mitupu leo harudi, na kwamba leo mwenye chaki ni mimi. Niliingia ndani nikatia kipande kwenye chupa. Nikangoja. Ukungu ukaja, mwembamba, chini ya kifuniko. Nikajiambia ni jasho la mkono wangu. Nikarudia, ukaja tena, mwembamba zaidi. Nikajiambia unapungua, basi ni kama umekwisha. Mara ya tatu sikupima. Nilichora miiko sita, nikaitengeneza ifanane na yake kadiri nilivyoweza, na Tajiri akanipiga bega akasema wazee ni hazina.

Hata sasa nikisimulia natamani kusema nililazimishwa. Sikulazimishwa. Nilipenda kupigwa bega.

Mzee aliporudi nilimrudishia chaki. Akauliza chupa ilisemaje. Nikamwambia ilikuwa safi. Akasema vizuri, akaketi mbele ya kabati lake.

Betri zilivimba baada ya siku kama ishirini. Zikarudi zote katika boksi moja, zimetuna kama maandazi, na mteja hakuja nazo mwenyewe, alimtuma dereva. Tajiri akatukusanya wote chumbani. Akavitoa vile vibao sita ukutani, akavipanga mezani, akamwuliza Mpika Uji hii ni alama ya nani. Siku ya gari hakuitaja, nadhani kwa kuwa ingemgusa na yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani. Miiko yote sita mpini ulikuwa umeangukia kulia.

Mzee akachukua kibao kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akanitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Yangu."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa, ungeweza kupitisha gari. Nilitazama miguu yangu.

Tajiri alisema ana huzuni, na nadhani alikuwa nayo. Sharti lilikuwa sharti. Mapipa yakarudishwa katikati ya chumba, mzee akaosha mwiko wake bombani, akaukausha kwa kanzu, maana ile ya kuazima alikuwa hajairudisha, akatoka. Siku tatu zilizofuata alikuja asubuhi, akaketi kwenye benchi la mama wa chapati, akanywa kahawa, akaondoka saa tatu. Nilijua yupo. Siku hizo tatu niliingilia mlango wa nyuma, kupitia uchochoro wa maduka ya mabati. Siku ya nne hakuja tena.

Nilifanya kazi na mapipa miaka miwili zaidi. Kichwa kiligonga, nikasingizia jua. Tajiri mwishowe alifunga, na sasa pale wanauza vigae. Mama wa chapati bado yupo, na ile taa "mbovu" bado anayo. Huiwasha kabla ya alfajiri anapokanda unga. Imepita masika manne. Haijavimba.

Mpika Uji nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwaka jana, stendi ya Mbezi Luis. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu anayekwenda Dodoma, basi lake limekwisha kutoka, nikawa natafuta njia ya kurudi. Nikaona kofia ya sufu. Alikuwa ameketi juu ya gunia, na ubavuni, umefungwa kwa kamba ya katani, ule mwiko. Alikuwa amepungua mwili. Nilifikiria kugeuka; nasema kweli, nilitafuta kwa macho mlango mwingine wa kutokea. Kisha nikamwendea.

"Shikamoo."

"Marahaba, Fom Foo. Bado unachora?"

Alisema akitabasamu, kama alivyosema yote. Nikaketi sakafuni kando ya gunia lake, na watu wakitupita na mabegi yao, nikamwambia. Nikamwambia kuhusu chupa, na ukungu wa kwanza na wa pili, na mara ya tatu ambayo sikupima. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa ya jana.

"Mpini uliangukia kulia," akasema. "Niliona kabla sijakishika."

"Sasa kwa nini ulisema ni yako?"

"Nilisema yangu ili wewe useme siyo."

Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Akaniambia kwamba alikaa pale kwa mama wa chapati siku tatu. Alikuwa amepanga kwamba nikitokea tu, hata nisiseme kitu, tutaingia kwa Tajiri wawili, tutaomba trei sita nyingine na siku sita za kuzikausha. Alikuwa na hakika Tajiri angekubali. Kosa la mkono linasameheka, alisema. Gundi ndiyo iliyokuwa imeshtakiwa, na mimi tu ndiye niliyeweza kuitolea ushahidi.

Nikamwuliza anakwenda wapi. Ifakara, akasema, kwenye mashine za mpunga, ambako pumba zimelala kama vilima na hakuna anayezitaka. Kuna binti wa mwenye mashine ambaye amekwisha kuanza kumfundisha kupika. Ana mkono mzuri, alisema. Kisha, kwa sababu hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba naye kemia alifeli, lakini anakubali.

Nilimwambia ningeweza kwenda huko. Nilisema nina daftari. Akanitazama kwa ule utazamaji wake wa siku ya msiba, safari hii kwa muda mrefu zaidi, akasema nitachoka na joto la Ifakara. Kwa watu wa Tanga kama yeye si kitu. Nikaandika namba yangu ya simu kwenye kipande cha tiketi ya dada, nikampa. Aliikunja akaitia ndani ya kofia. "Nitaipiga kwa mwiko," akasema. Wakaita basi lake. Nilimsaidia kuinua gunia, akanishukuru, akapanda akigombana na kondakta juu ya mahali pa kuliweka, na mpaka basi linageuka nje ya lango la stendi nilikuwa nasikia bado wanagombana.

Hajapiga. Hana simu, na mimi sijui ni mashine ipi kati ya mashine za Ifakara.

Kaunta buku niliyonunua masika yale ndiyo hii ninayoandikia. Juu bado imeandikwa KUPIKA, na ndani hakuna kipimo hata kimoja: si cha jivu, si cha kostiki, si cha maji. Kuna haya tu niliyoyakumbuka juu yake. Nina miaka sabini na mmoja. Miiko ile sita ilinigharimu kazi pekee niliyowahi kutamani kuijua, na mtu pekee aliyekuwa tayari kunifundisha.